Matuta ya Kuzuia Mwanga Usikimbie

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ametundika CD na DVD kuukuu kwenye kamba juu ya alizeti zake, zifukuze ndege. Jua likishapanda asubuhi, sahani hizo huzunguka kwa upepo na kurusha vipande vya rangi kwenye ukuta wa nyumba yangu: nyekundu, kijani, zambarau, vinakimbizana. Juzi alisimama uani akavitazama, akaniuliza, "Mwalimu, hizi CD hazina rangi hata moja. Sasa rangi zote hizi zinatoka wapi?"

"Zinatoka kwenye matuta, mama," nikamjibu.

Alicheka, akadhani namtania kwa sababu alikuwa na jembe mkononi. Nilikuwa nasema kweli tupu. Chini ya plastiki ya CD kuna njia moja nyembamba inayozunguka kutoka ndani kwenda nje, kama uzi ulioviringishwa, na kila mzunguko umekaa kando ya mwenzake kwa nafasi ya nanomita 1,600 (milimita moja ina nanomita milioni moja). Kwenye DVD nafasi hiyo ni nanomita 740. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo juu ya unywele mmoja ungeweza kupanga mistari ya DVD zaidi ya 100. Mwanga ukipiga matuta membamba kiasi hicho hautulii. Kila rangi hupindwa kwa pembe yake, nyekundu zaidi, zambarau kidogo, na ndiyo maana zinaachana ukutani.

Namba hizi si za kuziamini tu kwa kuambiwa. Darasa langu la kidato cha sita lilizipima kwa rula ya mbao. Tulichukua kalamu ya leza nyekundu, ambayo wimbi lake la mwanga lina urefu wa nanomita 650, tukasimamisha CD sentimita 50 kutoka ukutani ikiutazama ukuta, tukaipiga leza moja kwa moja. Doa la katikati lilirudi lilikotoka, na madoa mengine mawili yakatokea ukutani, moja kila upande, sentimita 22 na kidogo kutoka katikati. Ukifanya hesabu ya pembetatu unapata pembe ya nyuzi 24 hivi, sine yake ni 0.406, na 650 ukigawanya kwa 0.406 unapata 1,600. Watoto walinyamaza kwanza, kisha wakataka kurudia. (Mkijaribu nyumbani, leza isielekezwe machoni kamwe, na kumbukeni kwamba CD hurudisha mwanga kama kioo.)

Nimeanza na shamba la jirani kwa sababu DVD ya namna hiyohiyo imeshatumika maabara kama kalibu ya kuchorea vihisi vya mwanga vilivyotengenezwa kwa perovskaiti, aina ya fuwele inayomeza mwanga. Wanafunzi wangu wamekuwa wakisoma habari hizo kwenye simu na kuniuliza: inakuwaje kitu kifanye kazi vizuri zaidi kwa kuchorwa mikwaruzo? Kwa mazoea yetu, kilicho laini na kinachong'aa ndicho kizuri. Kwa kihisi cha mwanga, kung'aa ni hasara, kwa sababu kila kinachong'aa kinarudisha mwanga ambao kingepaswa kuumeza.

Kihisi cha mwanga, ambacho mafundi wa Mwanjelwa hukiita sensa tu, ni kitu kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme wa kupimika. Ndicho kinachoiamuru taa ya nje iwake giza likiingia, na ndicho kinachofifisha kioo cha simu ukitoka juani kuingia chumbani. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hospitalini nacho kina kihisi ndani yake, kinasoma mwanga mwekundu wa nanomita 660 na mwanga usioonekana wa nanomita 940 baada ya kupenya nyama ya kidole. Kazi ya ndani ni moja kote. Mwanga huja kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni. Fotoni ikimezwa, huipa elektroni nguvu ya kubanduka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni ikivutwa upande mmoja na pengo upande mwingine kabla havijakutana tena, mkondo wa umeme unapita, na huo ndio tunaoupima.

Vihisi vingi sokoni ni vya silikoni, na sina neno baya juu ya silikoni. Ila silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414, na kuisafisha na kuikuza iwe fuwele moja kunataka viwanda ambavyo nchi nyingi hazina. Perovskaiti inavutia kwa sababu inapikwa kwa namna ya unyenyekevu zaidi.

Jina lilianza na jiwe. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alilichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural, Urusi, akaliita kwa heshima ya Mrusi Lev Perovski. Jiwe lenyewe lilikuwa la kalsiamu, titani na oksijeni. Leo jina limehama, halihusu tena jiwe lile peke yake, linahusu mpangilio wake. Chukua chembe moja ya risasi, izungushie chembe sita za iodini kila upande, kisha panga vifurushi hivyo pembe kwa pembe mpaka vitengeneze vyumba, na ndani ya kila chumba uweke chembe ya tatu, mara nyingi methilamoni au sesiamu. Iodini ni ileile ambayo kwenye chumvi tunaiita madini joto. Risasi ni ileile ya kwenye betri za gari. Viungo hivi vinayeyushwa kwenye kimiminika, tone linadondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi ili lisambae, kisha kioo kinawekwa kwenye sahani ya moto ya nyuzi 100 hivi. Kwa dakika chache utando unageuka kahawia iliyokolea, karibu na weusi. Hapa Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 94. Tofauti ya moto wa chai na moto wa perovskaiti ni ndogo kiasi hicho.

Utando wenyewe ni mwembamba wa nusu maikromita, yaani nanomita 500, lakini unameza sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana, mpaka nanomita 800 hivi. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani lilitengeneza kwa perovskaiti seli ya sola iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za maabara zimevuka asilimia 26. Vihisi vimefuata nyuma ya sola hatua kwa hatua, vikitumia utando uleule kwa kazi nyingine.

Sasa tufike mlangoni, kwa sababu hapo ndipo mwanga mwingi unapotea.

Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye kitu kingine, mwendo wake hupungua. Kwenye kioo hupungua mara 1.5, kwenye perovskaiti mara 2.5 hivi, kwenye silikoni mara 3.5 na zaidi. Kadiri badiliko hilo linavyokuwa kubwa na la ghafla, ndivyo sehemu kubwa ya mwanga inavyorudishwa. Kioo laini kikipigwa mwanga wa moja kwa moja hurudisha asilimia 4. Perovskaiti tupu hurudisha asilimia 18. Silikoni isiyotiwa chochote juu yake hurudisha zaidi ya 30. Yaani utando wetu mzuri unafukuza karibu fotoni moja kati ya tano kabla hata haijapiga hodi.

Na hiyo ni kwa mwanga unaokuja wima. Mwanga wa mshazari una hali mbaya zaidi. Tazama dimbwi la maji barabarani baada ya mvua: ukisimama juu yake unaona tope chini, ukilitazama kwa mbali unaona mawingu. Maji ni yaleyale, ila pembe imebadilika. Kioo kilichorudisha asilimia 4 kwa mwanga wa wima hurudisha karibu asilimia 39 mwanga ukija kwa kulala nyuzi 80. Kwa kihisi kinachotakiwa kusoma mwanga wa jioni, au mwanga uliotawanywa na ukungu wa Tukuyu unaokuja kutoka kila upande wa mbingu, hasara hii ni kubwa.

Dawa yake niliielewa vizuri nikiwa Matema, si darasani. Pale Ziwa Nyasa linapokutana na milima ya Livingstone kuna mahali mawimbi yanapiga mwamba uliosimama wima. Wimbi linafika, linagonga, linarudi ziwani likiwa zima. Ukitembea kidogo kuja ufukweni, wimbi lilelile linapanda mchanga ulioinama taratibu, linapanda, linachoka, linaishia humohumo. Hakuna kinachorudi. Maji ni yaleyale na nchi kavu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kina hakikuisha ghafla.

Jicho la nondo, yule mdudu wa usiku, limejengwa kama ufukwe huo. Uso wake umejaa vinundu vilivyosongamana, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa nanomita 200 hivi, na wanasayansi walivigundua miaka ya 1960 kwa hadubini ya elektroni. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa nanomita kama 530, kwa hiyo ni kubwa kuliko kinundu na haliwezi kukiona kimoja kimoja. Linachohisi ni wastani. Kwenye ncha za vinundu sehemu kubwa ni hewa, chini kidogo hewa na jicho ni nusu kwa nusu, chini zaidi ni jicho tupu. Mwanga unapunguza mwendo polepole bila kukutana na ukuta, na karibu wote unaingia. Nondo anapata mwanga zaidi usiku, na jicho lake halimetameti likamfichua kwa adui. Ukichora vinundu vya namna hiyo juu ya perovskaiti, au juu ya tabaka linaloifunika, ile asilimia 18 inaweza kushuka sana.

Njia ya pili ni ya vinundu vikubwa kuliko wimbi, mfano wa piramidi ndogo. Mwanga ukirudishwa na ubavu wa piramidi moja unaangukia ubavu wa jirani yake na kupata nafasi ya pili ya kuingia. Kama kila mgongano unarudisha 18 kwa 100, migongano miwili inaacha kama 3. Paneli za sola za silikoni zimetumia ujanja huu kwa miaka mingi, zikichongwa kwa dawa kali ya alkali. Sitaendelea nayo, kwa sababu utando wa nusu maikromita hauna kina cha kuchongea piramidi kubwa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayoturudisha kwenye DVD. Kumbuka kwamba hata mwanga ukishaingia bado haujamezwa. Kijani na buluu humezwa haraka, lakini mwekundu wa mwisho, ule wa nanomita 750 hivi, hupenya utando mwembamba na kutokea upande wa pili bila kugusa chochote. Ungeweza kunenepesha utando, ila elektroni zingesafiri mbali zaidi na nyingine zingepotea njiani. Unachotaka ni mwanga usafiri mbali na elektroni zisafiri karibu.

Wamatengo wa Mbinga walishalitatua tatizo la namna hii kwa maji ya mvua. Kwenye miteremko yao mikali wanakata nyasi, wanazipanga miraba, wanachimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi hizo, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyozungukwa na kingo za kupandia. Ndiyo ngoro, kilimo cha zaidi ya miaka mia moja. Mvua ikinyesha kwenye mteremko mtupu, maji hukimbia bondeni na udongo juu. Ikinyesha kwenye ngoro, maji hukaa shimoni, na yakikaa yanapata muda wa kuzama. Udongo haujaongezwa unene, ila maji yamecheleweshwa.

Matuta ya nanomita mia kadhaa, yaliyo karibu na urefu wa wimbi lenyewe, huuchelewesha mwanga vivyo hivyo. Huupinda kutoka kwenye safari ya kushuka moja kwa moja, ukaanza kusafiri kwa ubavu ndani ya utando, ukigonga juu na chini kama mpira kwenye korido. Mwaka 1982 Eli Yablonovitch alionyesha kikomo cha mchezo huu: kwenye uso uliochafuliwa mpangilio kikamilifu, njia ya mwanga unaomezwa kwa shida inaweza kurefuka kwa wastani mpaka mara nne ya mraba wa ile namba ya kupunguza mwendo. Kwa perovskaiti, 2.5 mara 2.5 mara 4 ni 25. Vifaa halisi havifiki huko, na hesabu yenyewe iliwekwa kwa tabaka nene kuliko utando wetu, lakini inaonyesha kwa nini watu hawachoki kujaribu.

Nimesema uso uliochafuliwa mpangilio, na neno hilo lina uzito. Matuta yaliyonyooka kwa nafasi moja, kama ya DVD tupu, huinamisha vizuri rangi chache na kuziacha nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichukua diski ya Blu-ray yenye filamu na kunakili vishimo vyake kwenye seli ya sola ya plastiki. Waliona kwamba vishimo vinavyohifadhi filamu, kwa kuwa vina urefu tofautitofauti lakini si holela kabisa, vinanasa mwanga wa rangi nyingi kuliko mistari iliyopangika. Ujerumani, kule Karlsruhe, wengine walinakili uso wa petali ya waridi kwa kazi kama hiyo. Shamba na duka la video vyote vimekuwa ghala la kalibu.

Kunakili kwenyewe ni kazi ambayo fundi makini angeielewa. Unaibandua DVD katikati, maana ni sahani mbili zilizogundishwa. Unaosha mabaki ya metali mpaka plastiki yenye mifereji ibaki wazi. Unamimina juu yake mpira wa silikoni ukiwa bado uji, unauacha ushikamane kwenye joto la wastani, kisha unaubandua. Sasa unao muhuri laini wenye mistari ya nanomita 740. Muhuri huo unakandamizwa juu ya utando wa perovskaiti ukiwa umepashwa moto, au ukiwa bado mbichi kabla haujakauka, na ukiondolewa unaacha chapa yake. Silikoni ya vihisi (si ule mpira wa muhuri) haikubali mchezo huu, ni ngumu mno. Perovskaiti ni laini, inafinyangika.

Na hapa kuna jambo ambalo naomba msomaji asilipite. Mwaka 2016 watafiti wa Texas, Marekani, walitangaza kihisi cha perovskaiti kilichopigwa chapa ya matuta membamba kwa njia ya kukandamiza. Mwitikio wake, yaani umeme unaotoka kwa kila kiasi cha mwanga, ulikuwa mara 35 ya ule wa utando usiochorwa, na uwiano wa mkondo wa mwangani kwa ule wa gizani ulikua mara 7. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea namba hiyo akiwa amefurahi kweli. Nikamwomba tukae tuipigie hesabu.

Utando tambarare ulipoteza 18 kwa 100 mlangoni. Hata ukiokoa zote, unatoka 82 kwenda 100, ambayo ni mara 1.22. Ongeza mwanga mwekundu uliocheleweshwa, useme umepata maradufu kwa baadhi ya rangi. Bado uko mbali sana na 35. Kwa hiyo zilizobaki zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye kukandamizwa kwenyewe. Utando wa perovskaiti uliopikwa kawaida si fuwele moja. Ni punje ndogo nyingi zilizobanana kama matofali, na kwenye maungio ya punje kuna kasoro, mahali ambapo elektroni hunaswa na kupotea. Ukiukandamiza ukiwa na joto, punje zinakua, zinajipanga, maungio yanapungua. Elektroni zinasafiri mbali zaidi bila kunaswa. Watafiti wenyewe waliyataja yote mawili, ubora wa fuwele na umezaji wa mwanga, na sioni aibu kusema kwamba kwa namba kubwa kama ile la kwanza lina sehemu kubwa kuliko la pili. Ukisoma kwamba kuchora uso kumeongeza nguvu ya kihisi mara kumi au ishirini, uliza kama utando wa kulinganishia nao ulikandamizwa kwa muhuri tambarare, kwa joto lilelile. Bila huo hujui kama unasifu matuta au unasifu pasi.

Kuna bei pia, na kwa kihisi bei hiyo ni kali kuliko kwa paneli ya sola. Paneli inafanya kazi juani, kwenye mwanga mwingi. Kihisi kinaitwa kutofautisha mwanga hafifu na giza tupu. Hata gizani kina mkondo mdogo unaovuja, mkondo wa gizani, na mkondo huo una makelele yake, kupandashuka kusiko na maana. Ishara ya mwanga hafifu inasikika kama redio ndogo ndani ya nyumba ya bati wakati mvua ya Tukuyu inanyesha. Kuongeza sauti ya redio kunasaidia, lakini si kama mvua nayo imeongezeka.

Matuta yanaweza kuongeza mvua. Uso uliochorwa ni mpana kuliko uso tambarare, na kwenye uso ndiko kasoro nyingi za perovskaiti ziliko. Chini ya mfereji utando unakuwa mwembamba, na pakiwa pembamba mno umeme unavuja. Makelele ya aina hii hukua kwa kipeuo cha pili cha mkondo wa gizani: mkondo ukipanda mara 4, makelele yanapanda mara 2. Sasa chukua kihisi kilichopata mwanga wa mara 1.2 na mkondo wa gizani wa mara 4. Ukigawanya 1.2 kwa 2 unapata 0.6. Kinameza mwanga zaidi na kinaona vibaya zaidi. Kwa sababu hii nikisoma habari ya kihisi kipya natafuta mkondo wa gizani kwanza, halafu ndipo nasoma sifa nyingine.

Watafiti wanajibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuupaka uso uliochorwa dawa nyembamba inayoziba zile kasoro. Ya pili ni kuacha perovskaiti ikiwa tambarare na kuchora kifuniko chake, kioo au plastiki iliyo juu. Mwanga unaokolewa kwenye mlango wa kwanza, utando hauguswi, na muhuri ukikosea umeharibu plastiki tu. Faida ya kuuchelewesha mwanga ndani ya utando inapungua, hilo ni kweli. Lakini kwa kifaa cha kukaa nje, huku kwetu, ningechagua njia hii ya pili bila kusita, na sababu yangu ni maji.

Perovskaiti ya risasi na iodini inaogopa unyevu kupita kitu chochote. Maji yakiingia, methilamoni inatoka, na kinachobaki ni iodidi ya risasi, ambayo ni ya njano. Utando mweusi unageuka njano kama jani lililokauka, na umeshakufa kazi. Wilaya ya Rungwe, iliko Tukuyu, ina maeneo yanayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kifuniko huko si pambo.

Huko huko Rungwe kuna mwalimu wa kifuniko. Nenda shamba la magimbi baada ya mvua uinamie jani moja. Maji hayajalilowesha. Yamejikusanya kuwa mipira inayotetemeka, na ukiligusa jani kwa kidole mipira inabingirika mpaka chini, ikizoa vumbi njiani, nyuma yake pakiwa pakavu kabisa. Ukilikuza jani hilo kwa hadubini unakuta vinundu, na juu ya vinundu nta yenye vinyuzi vidogo zaidi. Tone linakalia ncha tu, chini yake kuna hewa. Kwa hiyo kifuniko kilichochorwa vizuri na chenye nta au plastiki isiyopenda maji kinaweza kufanya kazi mbili kwa chapa moja, kuingiza mwanga na kufukuza maji. Kisipotiwa hiyo nta, mifereji hiyohiyo inageuka kuwa mahali pa vumbi la kiangazi kujificha, na vumbi la pembeni mwa barabara kuu ya Tunduma nalijua.

Kuhusu risasi, wazazi wameniuliza na wana haki ya kuuliza. Utando wa nusu maikromita una kama gramu 0.7 za risasi kwa mita moja ya mraba. Kihisi cha milimita moja ya mraba kina sehemu moja tu kati ya milioni ya kiasi hicho, yaani maikrogramu 0.7. Ni kidogo mno kwa kimoja, lakini risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto na iodidi yake huyeyuka kiasi kwenye maji, kwa hiyo kifuniko kinachozuia maji kuingia ndicho pia kinachozuia risasi kutoka. Zipo perovskaiti za bati, ile metali ya kulehemia, zisizo na risasi, ila zinaharibika haraka zaidi zikikutana na hewa. Mchanganyiko wa bati na risasi una faida nyingine: unasoma mpaka nanomita 1,000 hivi, kwa hiyo unaufikia ule mwanga wa nanomita 940 wa kibanio cha kidoleni ambao perovskaiti ya kawaida haiuoni.

Mahali ambapo ya kawaida inatosha kabisa ni shambani. Mimea hutumia mwanga wa nanomita 400 mpaka 700, na huo wote uko ndani ya uwezo wake. Kitalu cha miche ya chai Mufindi, cha parachichi Njombe, au nyumba ya mbegu za viazi, kote huko mtu anataka kujua mwanga kiasi gani umefika kwenye majani leo, chini ya wingu, chini ya neti ya kivuli, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni mwanga wa mshazari na wa ukungu, uleule ambao uso tambarare unaufukuza.

Jaribio ninalolitamani si la maabara. Ni vihisi vitatu juu ya paa moja Tukuyu, kuanzia Novemba mpaka Mei: kimoja utando tambarare na kifuniko laini, kimoja utando tambarare na kifuniko cha mtindo wa jani la gimbi, kimoja utando wenyewe ukiwa umepigwa chapa. Kila siku adhuhuri iandikwe namba, kila jioni jua likizama iandikwe namba, na kila usiku, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa cheusi, uandikwe mkondo wa gizani. Mwishoni vishushwe, vipanguswe, vitazamwe rangi.